Mbelewele Nilizong'oa kwa Makosa

Kitale,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba mpendwa,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu Julai. Ukishika mbelewele ya mahindi, lile ua la juu linalofanana na ufagio, ukaivuta wima kwa mkono mmoja, inachomoka na kutoa mlio mdogo: pwek. Ni mlio wa kitu chenye maji kikiachana na mahali kilipokuwa kimeshikwa sana. Umelima mahindi miaka yote na sidhani umewahi kuusikia, kwa sababu kwetu Kabuchai hakuna anayeng'oa mbelewele; tunaziacha zikauke zenyewe. Nilipousikia mara ya kwanza nilisimama. Nikavuta nyingine. Pwek. Baba, ilikuwa imepita miezi mingi bila mimi kusikia kitu chochote nikataka kukisikia tena.

Nimeanza vibaya, najua, na kalamu yako nyekundu tayari iko mkononi. Barua huanza kwa salamu. Basi hujambo, Baba? Goti lako linasemaje, na Mama anaendeleaje na kifua chake katika vumbi hili la Januari? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Senge ni mzima, anakula, anacheka na kugombana na majirani zake kama kawaida, kwa hivyo usiwe na wasiwasi juu ya dada yako. Mimi pia ni mzima, na neno hilo silitumii ovyo. Nitakueleza ninamaanisha nini ninapoliandika.

Ile barua ya mistari sita niliyokuandikia wakati wa Pasaka uliirudisha ikiwa na masahihisho manne. Senge alikasirika sana. "Mtoto anaumwa, yeye anasahihisha!" Mimi sikukasirika. Nilijua hiyo ndiyo njia yako ya kunishika mkono. Leo utapata kazi kubwa zaidi, kwa sababu barua hii ni ndefu, na ni ndefu kwa sababu nilikudanganya.

Ulipopiga simu mwezi wa kumi na mbili kwa nambari ya Senge, ukaniambia umezungumza na mkuu wa chuo cha ualimu na amekubali nirudi Januari hii, nilisema, "Ndiyo, Baba." Ukasema umeshawaambia watu wa kanisa. Nikasema, "Ndiyo, Baba." Ukauliza kama nimefurahi. Nikasema ndiyo mara ya tatu. Nimeibeba ile ndiyo tangu siku hiyo kama jiwe kwenye kiatu. Haikuwa kweli, na nataka kuitoa, lakini ukiiona imetoka bila kujua iliingiaje utadhani nakudharau. Kwa hivyo nivumilie nianzie mbali.

Unakumbuka siku ya sanduku. Tulikwenda wawili sokoni Bungoma, ukasimama kando ya fundi wa mabati ukimkagua kila pigo hadi jasho likamtoka. "Piga hizo kona vizuri," ulimwambia, "hili linakwenda mahali mimi mwenyewe nilikwenda." Kisha mwandishi wa mabango akaandika kwa rangi nyeupe NALIAKA SIMIYU, na chini yake jina lote la chuo cha ualimu, mpaka herufi za mwisho zikabanana kwenye ukingo. Jumapili iliyofuata sanduku likawekwa mbele ya kanisa likiwa wazi. Akina mama walipita wakiimba, huyu anatia sabuni, huyu taulo, huyu blanketi. Ukasimama ukasema, "Mwalimu amezaa mwalimu." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, na sikulaumu, Baba, kwa sababu hata mimi sikuwa nimejiuliza.

Huko chuoni kuna kitu ndani yangu kilianza kufifia polepole. Sikujua kukitaja. Nilikuwa nalala na kuamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Chakula kilikuwa kama karatasi. Halafu yakaja mazoezi ya kufundisha. Nilisimama mbele ya darasa la nne, chaki mkononi, watoto wakasimama wakaniamkia kwa sauti moja, wakabaki wamesimama wakingoja niwaambie wakae. Sikuwaambia. Neno "kaeni" lilikuwa pale pale, nililiona, lakini kulileta mdomoni kulikuwa kama kuinua gunia la mahindi peke yangu. Walisimama, Baba. Walisimama hadi mmoja akaanza kulia. Habari hiyo hukuipata kamili. Wewe ulipata barua ya mkuu wa chuo iliyosema nipumzike.

Nikarudi nyumbani na sanduku langu, na mliona nilivyolala. Watu walisema yao: nina mimba, nimesoma kupita kiasi, nimeachwa na mvulana. Baba mdogo alitaka nipelekwe kwa mtu wake huko Mlima Elgon. Mama aliita kikundi cha maombi, wakaniwekea mikono kichwani kwa upendo mwingi hadi shingo ikaniuma. Na asubuhi moja wewe ulisema pale nje ya mlango wangu, sijui kama ulijua niko macho: "Huyu msichana hana ugonjwa. Ana kiburi tu."

Neno hilo lilinikaa. Lakini kuna kingine kilichonikaa vilevile, na sitaki usome hilo la kwanza bila hili la pili. Kila siku, kabla ya kwenda shambani, uliweka kikombe cha chai kizingitini, ukakifunika kwa sahani, ukaondoka bila kubisha. Hata siku ile ya kiburi. Mara nyingi sikuinywa. Nilisikia tu kikombe kikiwekwa chini taratibu, na nilijua ni wewe.

Machi Senge akaja. Alikaa nusu saa tu. "Simiyu, nipe huyu mtoto," alikuambia. "Hapa kila mtu anamwangalia. Kwangu hakuna mwenye nafasi ya kumwangalia." Ndivyo nilivyofika Kitale na sanduku langu. Na kweli, miezi ya kwanza hakuniangalia. Aliniachia vyombo nivioshe, akaenda zake. Siku nyingine niliviosha, siku nyingine alivikuta kama alivyoviacha, akaviosha mwenyewe huku akiniambia habari za majirani.

Sasa Julai. Senge hufanya kibarua cha msimu katika shamba moja la mbegu nje ya mji. Alisema wanahitaji mikono, nikaenda, si kwa kutaka bali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi kuliko kukubali.

Shamba la mbegu halipandwi kama letu. Laini nne ni za kike, mbili za kiume, halafu tena nne za kike, mbili za kiume, hivyo hivyo mpaka jicho linachoka. Wanawake hupangwa, kila mmoja na laini yake, na kazi ni kung'oa mbelewele zote za laini za kike kabla hazijafunguka. Za kiume haziguswi kamwe. Mwanzoni mwa kila laini ya kiume kuna kijiti chenye kitambaa chekundu. Nyapara alinionyesha kimoja akasema, "Nyekundu usiguse. Basi. Hakuna kingine cha kujua."

Kulikuwa na kingine cha kujua. Vijiti viko upande mmoja tu wa shamba. Ukifika mwisho ukageuka kurudi, hakuna kitambaa cha kukuonya. Ni wewe na hesabu yako. Wenzangu wamefanya kazi hiyo misimu mingi, miguu yao inajua. Mimi nilikuwa nimeshapotea ndani ya ule mlio. Pwek, pwek, pwek. Umande ulinilowesha hadi mabegani, majani yalinikata mikono, na nilikuwa nakwenda kwa kasi ambayo sijawahi kwenda nayo mahali popote. Nilifika mwanzo wa shamba nikitabasamu, Baba, nikiwa na mbelewele ya mwisho mkononi, na mbele ya miguu yangu kulikuwa na kijiti chenye kitambaa chekundu.

Wa kwanza kuona alikuwa Mama Brayo, mwanamke mnene wa Kiminini mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Wuui! Rodah! Kuja uone msomi wako amehasi waume wa watu!"

"Wangapi?" Senge akaitikia kutoka laini yake.

"Laini mzima! Hata mmoja hajabakisha wa dawa!"

"Ati nini? Sasa hawa mabibi wote wataolewa na nani?"

"Si wachukuliwe na wa jirani. Kwani kwenu huwa mnafanyaje?"

Walicheka mpaka wakashikana. Senge alicheka hadi akakaa chini, na alipojaribu kunitetea alicheka tena. Nyapara hakucheka. Alikuja mbio akasimama mbele ya laini yangu kama mtu aliyeibiwa.

"Wewe! Umesoma mpaka wapi?"

"Chuo," nikasema.

"Chuo gani hicho hawafundishi nyekundu?"

Akaniambia nichukue leso yangu niende nyumbani. Nilikuwa nimeshaanza kutembea. Nilisikia ule uzito wa zamani ukinirudia, na nikawaza kwamba hata kung'oa maua kumenishinda. Ndipo mkaguzi akatokea upande wa pili wa shamba. Wote humwita Madam Chebet. Ni mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira na daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, Madam."

"Unajua umefanya nini?"

"Nimeng'oa laini ya kiume."

"Hiyo naona. Nauliza kama unajua ni kwa nini hatuing'oi."

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilitazama laini yangu iliyokatwa vichwa, nikatazama nne za kike pembeni, nikaona jinsi nywele za magunzi zilivyoanza kuchungulia. Nikasikia akili yangu, Baba. Sijui kukueleza vizuri zaidi. Nilisikia akili yangu ikiamka na kunyoosha mikono.

"Chavua ya hii ndiyo ilipaswa iangukie zile," nikasema. "Za kike tunaziondolea mbelewele ili zisijizalishe zenyewe. Mnataka mbegu yenye wazazi wawili tofauti."

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nimefikiria sasa hivi."

Akamgeukia nyapara. "Laini ya pili ya kiume bado iko nzima. Itatosha hapa. Na huyu usimfukuze, kesho namtaka atembee na mimi, abebe daftari." Kisha akanitazama tena. "Una swali?"

Nilikuwa nalo, na ni lako. Nikamuuliza: je, mtu akivuna mahindi yaliyotokana na mbegu kama hii, akatunza mengine, akayapanda mwaka unaofuata?

"Yatatoka ovyo," akasema. "Mengine marefu, mengine mafupi, mengine yasiwe na gunzi la maana. Hii mbegu hufanya kazi mara moja. Wakulima wengi hudhani wameuziwa mbovu."

Baba, nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Nilikuwa darasa la saba mwaka ule ulipochagua magunzi bora kabisa ya shamba letu, ukayatundika juu ya moshi jikoni, ukatuambia huo ndio ujanja wa mkulima aliyesoma. Mahindi yalipotoka mafupi na marefu kama watoto wa shule nzima kwenye mstari mmoja, ulikwenda Bungoma ukagombana na yule mzee Kalasinga wa duka la mbegu. Nilikuwa nawe. Alikuagizia chai, ukaikataa. Akasema, "Mwalimu, mwaka jana nilikuuzia mimi. Mwaka huu umejiuzia mwenyewe." Uliona ni dharau, na hadi leo unapita upande mwingine wa barabara. Hakukudharau. Na wewe hukukosea kuchagua magunzi mazuri; ulichagua vizuri kuliko mtu yeyote, ila ndani ya mbegu yenyewe mlikuwa na jambo ambalo hakuna aliyewahi kukuonyesha. Nyote wawili mlikuwa wakweli. Nilitamani kupiga simu siku hiyo hiyo, nikakosa ujasiri.

Wiki nne nilitembea na Madam Chebet, nikihesabu mimea iliyokosewa na kuandika. Usidhani basi nilipona kwa sababu nimependa mahindi. Agosti nilianguka tena. Siku tano sikuinuka. Senge hakuita mtu wa kuniombea wala hakunigombeza. Alinivalisha sweta kama mtoto, akanipeleka kliniki ya hospitali hapa mjini. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye kikohozi. Aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, kuhusu usingizi, chakula, na mambo ambayo zamani nilikuwa nayapenda. Kisha akasema huu ni ugonjwa, na kwa Kiswahili una jina: sonona.

"Si kiburi?" nikamuuliza.

Akaweka kalamu chini. "Nani alikuambia ni kiburi?"

Sikukutaja, Baba.

Ninakunywa dawa kila siku na ninaonana na daktari huyo Alhamisi moja ndiyo, moja hapana. Si kama malaria, kwamba umepona leo na kesho unacheza. Kuna siku bado ninaamka na gunia lile likiwa kifuani. Tofauti ni kwamba sasa najua linaitwaje, na najua huwa linaondoka. Ndiyo maana nimekuandikia kwamba mimi ni mzima. Nilichosha neno hilo miaka mingi kwa kulisema bila kulipima, leo nimelipima.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nishindwe kukaa nimetulia nikiandika. Septemba Madam Chebet aliniambia kuna vyuo vinavyofundisha kazi yake. Unanijua, siwezi kuamini kitu kwa sababu nimeambiwa na mtu mmoja. Nilitembelea vyuo kama mtu anayetafuta ng'ombe wa kununua. Cha kwanza kilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari hapa mjini. Kompyuta zilifunikwa kwa vitambaa vilivyotariziwa maua, na mwenye chuo aliniuliza, "Unataka cheti cha wiki ngapi?" Cha pili kilikuwa na bango kubwa kuliko jengo, bango lilitaja kozi kumi na tano, na mwalimu niliyemkuta ni mmoja, akichemsha chai. Niliporudi Senge akauliza, "Na huyo wa chai, chai yake ilikuwa nzuri?" Nikamwambia ilikuwa nzuri. "Basi angalau kozi moja anaijua."

Cha tatu kiko nje ya mji, ni chuo cha kilimo, kidogo, chenye paa za kutu na miti mingi. Sikuwa na miadi. Mlinzi aliniruhusu niingie nitafute ofisi, nikapotea, nikafungua mlango usiokuwa wa ofisi. Ndani kulikuwa na meza ndefu na trei nyingi, na kwenye kila trei karatasi yenye maji, na juu ya karatasi mbegu zilizopangwa mistari. Nyingine zimetoa mzizi mweupe, nyingine bado. Msichana mmoja wa rika langu alikuwa akihesabu zilizoota kwa kibano. Hakuniuliza mimi ni nani.

"Naweza kuhesabu moja?" nikamwambia.

"Ukikosea unarudia."

Nilihesabu trei tatu. Sikukosea. Nilipotazama dirishani jua lilikuwa limehama upande, nikagundua kwamba kwa muda wote huo sikuwa nimejifikiria hata mara moja. Baba, unajua kupumzika kujifikiria kulivyo kutamu? Labda wewe unakujua. Labda ndivyo unavyokuwa ukisimama mbele ya darasa. Nilipowaza hivyo ndipo nilipokuelewa: ulitaka nipate kile ulichokipata wewe, na ulijua mahali pamoja tu pa kunipeleka.

Waliniita kwa mahojiano Novemba. Watu watatu mezani. Nilikuwa nimetayarisha uongo, kwamba niliacha chuo cha kwanza kwa sababu ya malaria. Mkuu wa chuo, mama mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniuliza, "Kwa nini hukumaliza ualimu?" Nikafungua mdomo kusema malaria, na nikawaona wale watoto wa darasa la nne wamesimama. Nikawaambia ukweli. Nikawaambia na jina lake, sonona.

Mwanamume wa pembeni akasema, "Na ukianguka tena katikati ya muhula?"

"Nitakwenda kliniki, kama ninavyokwenda sasa. Na nikirudi nitawaambia nimerudi."

Akayaandika hayo kwenye karatasi yake. Mkuu wa chuo akauliza, "Ni makosa gani makubwa umewahi kufanya shambani?" Nikawaeleza habari ya laini ya kiume, yote, na Mama Brayo nikamweka humo. Yule mwanamume alicheka hadi akavua miwani.

Barua ya kuitwa kujiunga ilifika siku tatu kabla ya simu yako. Ilikuwa ndani ya Biblia yangu, na Biblia ilikuwa mapajani mwangu, nilipokuwa nikikuambia ndiyo, Baba, ndiyo, Baba, ndiyo. Nilipomrudishia simu alisema, "Huyo kaka yangu si simba. Ni mtu wa kuogopa kuaibika. Mwambie kabla hajasimama tena kanisani." Nilichelewa, Baba. Nisamehe kwa kuchelewa. Kwa mengine yote nakuomba unielewe, lakini kwa hilo nakuomba msamaha, kwa sababu najua Jumapili ijayo utasimama tena mbele ya watu wale wale waliotia sabuni na blanketi, na utalazimika kusema neno lingine. Waambie blanketi linanitia joto hadi leo. Waambie sanduku halikupotea.

Kuhusu karo, muhula huu si mzigo wako. Msimu ule shambani na mkono wa Senge vimetosha.

Nisalimie Mama sana, umwambie ninakula, na umsomee yale ya kliniki polepole ili asidhani maombi yake yalikataliwa. Kukhu, nyanya yangu, mwambie mahindi ya kuchoma ya huku hayafikii ya jikoni kwake. Wafula, kaka yangu, asiguse vitabu vyangu vya biolojia, nitamtuma mtu avichukue. Baba mdogo naye msalimie; alitaka kunisaidia kwa njia anayoijua, simshikii kinyongo. Na siku ukipita Bungoma, ukiweza, mnywe chai ile na mzee wa duka la mbegu. Sasa itakuwa baridi sana.

Makosa ya barua hii yazungushie wino, lakini usiyatume kwa posta. Wazazi wanaruhusiwa kutembelea Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Yalete wewe mwenyewe. Nitakuwekea chai, na nitaifunika kwa sahani.

Kwa maana nimekwenda, Baba. Jumanne nilimwandikia mkuu wa chuo cha ualimu, nikamshukuru, nikamwomba nafasi yangu ampe msichana mwingine. Jumatano nilipakia sanduku kwenye boda boda hadi kwa mwandishi wa mabango karibu na soko la Kitale. Akalitazama akauliza, "Nifute yote?" Nikamwambia afute mstari wa chini, aandike jina la chuo cha kilimo. "Na hili Simiyu? Rangi imeanza kubanduka." Nikamwambia hilo asilifute, alikoleze, ni la baba yangu. Kazi yake si safi sana. Jua likipiga, herufi za zamani bado zinaonekana chini ya mpya. Sikumwambia arudie. Ijumaa niliripoti, nikatia sahihi kwenye kitabu, nikapewa kitanda cha dirishani. Hakuna meza bwenini, kwa hivyo barua hii nimeiandikia juu ya sanduku, mkono wa kushoto ukiwa umelala juu ya jina lako.

Mimi binti yako,
Naliaka